Mikanda ya gari la mwendo kasi: maswali ya madereva wa Arusha na Moshi

Magari yenye nguvu yamezidi kuonekana kwetu miaka hii: Impreza WRX STI, Lancer Evolution, Skyline, Altezza iliyoongezewa turbo, Toyota 86. Wapo wanaoyatumia kwa safari za kawaida kati ya Arusha na Moshi, wapo wanaoyaandaa kwa rali, na wengi wako katikati: gari la kazini Jumatatu, la kujifurahisha Jumapili. Hao wa katikati ndio wanaoniuliza sana kuhusu mikanda, na ndio ninaowahofia zaidi, maana mkanda uliofungwa nusu ya rali na nusu ya barabarani unaweza kumuua mtu ambaye mkanda wa kawaida ungemwokoa. Maswali nimeyaacha kama yanavyofika gereji.

Nina WRX ya kutembelea tu. Nifunge mikanda ya rali ya pointi nne?

Usifunge. Baki na mkanda wa kiwandani wa pointi tatu (pointi ni sehemu ambazo mkanda umeshikizwa), hakikisha ni mzima, na fedha uliyotenga iweke kwenye tairi na breki.

Sababu ya kwanza ni barabara yenyewe. Toka Arusha uelekee Moshi: Tengeru siku ya soko, Usa River, Kikatiti, njia panda ya KIA, Bomang'ombe, Kwa Sadala. Kote huko kuna bodaboda inayochomoka pembeni, mama anayevuka na beseni la ndizi kichwani, Coaster inayosimama bila taarifa. Dereva anahitaji kuinama mbele achungulie na kugeuza kifua atazame kilichojificha nyuma ya nguzo ya mlango. Mikanda ya rali iliyokazwa sawasawa haikupi nafasi hiyo. Ndiyo maana walioifunga kwenye magari ya mjini huishia kuilegeza, na mikanda ya rali iliyolegea haina kazi tena: haina mashine ya kuikaza yenyewe gari linapogonga.

Sababu ya pili ni kiti. Kiti cha kiwandani hakina matundu ya kupitisha mikanda ya mabega, wala tundu la mkanda wa kati ya mapaja. Mikanda ikipita juu ya kiti bila kushikiliwa huteleza kuelekea kwenye mikono. Isitoshe, kiti kinacholala nyuma kwa kuzungusha kitasa hakikutengenezwa kubeba mzigo wa mikanda inayokisukuma mgongoni.

Mkanda wa pointi tatu unawezaje kuwa bora kuliko wa pointi sita?

Kwenye gari la barabarani ambalo halijabadilishwa, ni bora, na wala si kwa sababu ya idadi ya pointi.

Mkanda wa pointi tatu ulitolewa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo. Kabla ya hapo alikuwa Saab akishughulikia viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege, kwa hiyo mikanda mingi ya kumbana mtu aliifahamu vizuri sana. Alichokitafuta Volvo ni kitu ambacho mtu atakifunga kwa mkono mmoja na bado kimshike kifua na nyonga, huku ncha zikikutana chini, ubavuni mwa kiti, ili mkanda usipande tumboni. Volvo ikaiacha hati miliki wazi, watengenezaji wengine wautumie.

Tangu hapo mkanda huo umeongezewa vitu ambavyo macho hayavioni. Ndani ya reli yake (kile kikopo kinachoukunja na kuurudisha utepe), au kwenye kifungio, kuna baruti ndogo inayolipuka mara tu gari linapogonga na kuvuta utepe uliokuwa umelegea. Kisha kuna kipande cha chuma kinachojisokota na kuachia utepe kidogo kidogo, ili mbavu zisipokee nguvu yote kwa mkupuo. Wakati huo kifua kinasogea mbele na kukutana na eabegi (mfuko wa hewa) iliyokwisha kujaa. Baruti, chuma kinachojisokota na eabegi vimepimwa pamoja kiwandani, kwenye bodi ileile, na kiti kilekile. Ukiung'oa mkanda ukaweka wa rali, umeivunja timu nzima, na eabegi inabaki ikilipukia mwili ambao haupo pale ilipoutegemea.

Nguvu yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Tufanye hesabu. Mtu wa kilo 75 yuko kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, huo unaoruhusiwa kwenye makazi. Gari linagonga ukuta, na kwa kubonyea kwa bodi na kunyooka kwa mkanda mwili wake unasimama ndani ya sentimita 60. Mkanda unabeba wastani wa nguvu sawa na uzito wa tani moja na robo. Ukienda kilomita 100 kwa saa nishati haiwi maradufu, inakuwa mara nne. Ndiyo maana kila bolti ninayoizungumzia hapa chini ina umuhimu.

Gari langu ni la 2004. Mkanda wake bado unafaa?

Huenda. Ukague hivi, mchana, gari likiwa kwenye mwanga.

Vuta mkanda wote mpaka mwisho, ubane usirudi. Sehemu ya kwanza ya mita moja utaiona kila siku. Unayoitafuta ni ile inayokaa ndani ya reli na ile inayopita kwenye pete ya juu begani. Upitishe kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kando zote mbili. Ukihisi nywelenywele, ukingo umeanza kulika. Ukiona sehemu inang'aa na ni ngumu kama plastiki, iliwahi kuyeyuka kidogo kwa msuguano, na hiyo ni dalili kwamba mkanda ulishabeba mtu kwenye ajali. Tazama rangi: upande wa dirishani ukiwa umepauka kuliko ule uliojificha, jua limekwishaula. Tazama mshono wa chini kwenye sakafu. Baadhi ya magari yana mkunjo ulioshonwa pale makusudi, na ukikuta nyuzi zimefumuka, mkanda huo umeshafanya kazi yake.

Kisha uachie. Unatakiwa urudi wenyewe mpaka mwisho. Vumbi letu la udongo wa volkano ni jembamba sana, na linajaa kwenye pete ya juu likichanganyika na jasho, mkanda unakuwa mzito kurudi na dereva anatembea umelegea bila kujua. Mara nyingi kusafisha pete na utepe kunatosha. Halafu uvute kwa ghafla: ukishindwa kukwama, reli ni mbovu.

Reli haifunguliwi. Ndani kuna springi iliyobanwa na pengine baruti. Kama ni mbovu inabadilishwa nzima.

Taa ya eabegi inawaka tangu nilipolinunua. Fundi alisema niipuuze.

Usiipuuze. Taa hiyo inahusu pia ile baruti ya mkanda. Gari lililogongwa, likanyooshwa na kupakwa rangi, laweza kuwa na mikanda ambayo baruti yake ilikwishalipuka. Utaijua: utepe haurudi au umekwama, au kifungio kimeshuka chini kuliko mwenzake wa upande wa pili. Lipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Na asipime nyaya za baruti kwa mita ya kawaida, kwa sababu umeme mdogo wa mita unaweza kuilipua. Betri inafunguliwa kwanza, watu wanasubiri, ndipo mkono unaingia.

Basi mikanda ya rali ni ya nani?

Ni ya gari lililojengwa lote kwa ajili yake: kiti cha rali kisichokunjika chenye matundu, keji ya mabomba, helmeti, na kifaa cha kushika shingo. Ukikosa kimoja, vingine vinaanza kukudhuru.

Keji ndiyo watu huiruka, kwa sababu inaharibu mwonekano wa ndani na inachukua nafasi ya viti vya nyuma. Lakini fikiria gari linabingirika kwenye korongo la barabara ya Makuyuni. Paa linabonyea. Mwenye mkanda wa kawaida, mwili wake wa juu unaweza kuinama pembeni paa linaposhuka. Mwenye mikanda ya rali amesimikwa wima, hainami popote, na shingo yake ndiyo nguzo inayopokea paa. Keji ipo ili paa lisifike kichwani. Na keji nayo, ndani ya gari la barabarani, ni bomba la chuma karibu na kichwa kisicho na helmeti. Hata mgongano wa nyuma wa mwendo mdogo unaweza kukupasua fuvu. Vitu hivi vinakwenda pamoja au haviendi kabisa.

Hamu ya watu naielewa. Rali ni ya huku kwetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akaishinda akiwa na Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili. Kijana anayeiona Evolution ya mashindano ikipita Kisongo na vumbi lake atatamani yake ifanane nayo. Anachokiona dirishani ni mikanda ya rangi. Kazi ya kuchomelea iliyo nyuma ya kiti haionekani.

Pointi nne, tano au sita?

Kwa mashindano, sita.

Pointi nne zina mikanda miwili ya mabega na miwili ya nyonga, zote zikikutana kwenye kifungo cha tumboni. Gari likigonga mbele, mabega yanavuta mikanda yake, na mikanda hiyo inavuta kifungo kwenda juu. Mkanda wa nyonga unaacha mfupa na kupanda kwenye tumbo laini. Wakati huohuo makalio yanateleza mbele chini ya mkanda. Nguvu ya tani na zaidi sasa inapita kwenye utumbo, ini na wengu badala ya mfupa wa nyonga. Madaktari wa majeruhi wanazifahamu vizuri ajali za aina hii.

Mkanda wa tano, unaopita kati ya mapaja, unakishika kifungo kisipande. Sita ni mikanda miwili badala ya mmoja, kila mmoja ukizunguka paja lake, kwa hiyo mzigo unagawanyika na kinena hakiumii. Kwa mwanamume tofauti hiyo si ndogo.

Ipo mikanda ya pointi nne iliyotengenezwa kwa akili, mfano ile ya kampuni ya Schroth ambayo bega moja lina mkunjo wa mshono unaofumuka, kifua kinageuka kidogo na kifungo hakipandi. Hiyo ni kazi ya kitaalamu na imepimwa kwa magari maalumu. Mikanda minne ya bei rahisi inayouzwa mtandaoni haina kitu hicho hata ikiwa na rangi ileile.

Mikanda ya mabega ifungwe wapi nyuma?

Hapa ndipo nimeona makosa mengi kuliko kwingine kote, na ndipo ningependa usome mara mbili.

Kosa la kwanza ni kuifunga kwenye sakafu nyuma ya kiti, kwa sababu bolti za viti vya nyuma zipo pale tayari. Mkanda unatoka begani, unashuka mgongoni kuelekea chini. Mwili ukienda mbele, mkanda unaukandamiza uti wa mgongo kwenda chini. Kwa mteremko wa nyuzi 45, karibu asilimia 70 ya mvutano wa mkanda inakandamiza chini. Kwa mteremko wa nyuzi 10 ni asilimia 17 tu. Kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) za magari ya rali zinataka mikanda ielekee nyuma na isishuke zaidi ya nyuzi 45 kutoka usawa, ikipimwa kuanzia ukingo wa juu wa kiti, na zinashauri isizidi 10. Mimi huo ushauri wa 10 nauchukua kama amri. Ukitumia kifaa cha kushika shingo, soma kijitabu chake, kwa sababu kina masafa yake ya nyuzi.

Kosa la pili ni urefu. Utepe wowote unanyooka ukivutwa, na mrefu unanyooka zaidi kuliko mfupi. Mkanda uliofungwa mbali, kwenye buti, unakuachia kichwa kifike kwenye usukani hata kama uliukaza vizuri asubuhi.

La tatu ni kuifunga kwenye kiti chenyewe au kwenye miguu ya kiti. FIA inakataza, na sababu ni wazi: kiti kinakuwa kimebeba mtu na mikanda yake yote, na kinang'oka na kila kitu.

Mahali sahihi ni bomba la kulala la keji, nyuma ya kiti, kwenye kimo cha mabega au chini kidogo. Mikanda inazungushwa kwenye bomba au kufungwa kwa bolti kwenye vipande vilivyochomelewa. Ikiwa inaweza kuteleza pembeni juu ya bomba, wekea vizuizi. Kwa kuitazama kutoka juu, isipanuke wala kubanana zaidi ya nyuzi 20 kutoka mstari wa katikati ya kiti.

Fundi wangu anataka kutoboa sakafu aweke bolti na washa kubwa. Sawa?

Sio sawa. Bati la sakafu ni jembamba, na washa italipita kama kisu kwenye siagi.

Kwa mikanda ya nyonga tumia kwanza matundu ya kiwandani, yenye nati zilizochomelewa na kuimarishwa. Ukilazimika kutoboa pengine, chini ya bati panakuwa na kipande cha chuma cha unene wa milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 40, kikiwa na kona za mviringo ili kisikate sakafu. Bolti iwe M12 ya daraja 8.8, alama hiyo ikionekana kichwani, au bolti za mikanda za 7/16 UNF, ambazo ndizo magari mengi hutoka nazo kiwandani. Bolti ya kununua duka la vifaa vya ujenzi haiingii hapa, hata kama inaingia kwenye tundu.

Kipande cha kushikia mkanda kielekee upande mkanda unaovuta. Kikikaa kimepinda, mkanda utavutika kwa ukingo mmoja na kuchanika kuanzia pale.

Nitajuaje kama mikanda ni halisi?

Kwa lebo iliyoshonwa kwenye mkanda. Stika isikudanganye. Za mashindano ya FIA zina kiwango 8853-2016, na cha zamani chake ni 8853/98. Kila mkanda wa seti una lebo yake, ikiwa na jina la mtengenezaji, namba, na mwaka wa mwisho wa matumizi. Mwaka huo ni wa tano baada ya ule wa kutengenezwa. Orodha ya mikanda iliyoidhinishwa iko kwenye tovuti ya FIA. Linganisha namba kabla hujatuma fedha. Kabla ya mashindano waulize pia waandaaji na AAT (chama cha magari cha Tanzania) ni kiwango kipi wanakubali mwaka huo.

Mikanda ya Kimarekani ina lebo ya SFI, mara nyingi 16.1 au 16.5, ikionyesha tarehe ya kutengenezwa, na inahesabiwa miaka 2. Mkanda wa barabarani una herufi E ndani ya duara, na kiwango chake ni kile cha Umoja wa Mataifa namba 16.

Bandia zimejaa, hasa zile za kijani zinazoiga mikanda ya kampuni ya Takata. Nilipozishika nilichokiona ni hiki: utepe mwepesi unaokunjika kama kitambaa cha begi, mshono wenye mistari michache na nyuzi zilizoachwa zikining'inia, chuma cha kurekebishia chenye kingo kali zinazoweza kukata utepe wenyewe. Lebo iko upande mmoja tu, na mikanda mingine ya seti haina. Bei nayo inasema mengi: seti nzima kwa bei ya tairi moja haiwezi kuwa mikanda ya kuokoa mtu.

Naweza kununua ya mtumba kutoka Nairobi au Dubai?

Ya mashindano, sishauri. Huwezi kujua iliwahi kubeba nini. Nyuzi zikishavutwa kwenye ajali hazirudi zilivyokuwa, na kwa macho mkanda unaweza kuonekana mpya.

Mkanda wa kiwandani wa mtumba ni afadhali kidogo, ukitoka kwenye gari la modeli ileile na mwaka ule ule, lisilogongwa mbele, na ukaukague kama nilivyoeleza juu. Angalia namba ya kipuri. Upande wa kulia na wa kushoto havibadilishani, kwa sababu reli inajua ikae kwa pembe gani.

Kifaa cha shingo kinahitajika kweli? Ni ghali.

Kinahitajika. Kichwa na helmeti vina kilo kama 6 na nusu. Mikanda inashika kifua kisiende popote, kichwa hakina anayekishika. Kwa mgongano wa mara 40 ya mvutano wa dunia, shingo inavutwa kwa nguvu ya kilo 260. Fuvu linavunjika pale chini linapokaa juu ya uti wa mgongo. Dale Earnhardt, dereva wa mbio wa Marekani, alikufa kwa jeraha hilo Daytona mwaka 2001, kwenye mgongano ambao kwa macho haukuwa wa kutisha.

HANS, ndicho kifaa chenyewe cha shingo, ilibuniwa na Robert Hubbard, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, pamoja na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva wa mbio. Ni kola ngumu inayokaa juu ya mabega chini ya mikanda, na vikamba viwili vinaishika helmeti. Formula One iliilazimisha mwaka 2003. Kama fedha haitoshi kwa mikanda mizuri na HANS pamoja, subiri msimu mwingine uvipate vyote.

Ukiwa nayo, chagua mikanda ya mabega inayolingana nayo. Mingi ni ya milimita 50 juu, kwa sababu inakaa vizuri kwenye mfereji wa kola, na ya nyonga inabaki 50 au 75 kadiri ya seti.

Kifungo cha kuzungusha au cha kubana?

Cha kuzungusha. Unakigeuza, mikanda yote inaachia kwa pamoja. Cha kubana, kile cha ndimi zinazoingizwa moja moja chini ya kitasa kimoja, kinatumika sana Marekani na ni imara, lakini ukifungua kwa dharura gizani au na glovu zenye tope utaona shida yake. Kwenye rali za huku vumbi linaingia kwenye kifungo: kipulize kwa hewa ya kompresa baada ya kila siku ya mbio, na usikipake grisi, kwani grisi hukusanya mchanga.

Poliesta au nailoni? Na jua?

Poliesta. Nailoni inanyooka zaidi na inadhoofishwa haraka zaidi na jua. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na jua la mwinuko lina miale mikali hata siku ya baridi ya Julai. Moshi iko chini zaidi lakini joto la ndani ya gari lililoegeshwa pale mjini si la mchezo. Gari la mashindano likae kivulini au lifunikwe turubai. Ukibakiwa na mwaka mmoja kwenye lebo na utepe umepauka, usihesabu mwaka huo.

Nikae na kufunga kwa mpangilio gani?

Sukuma makalio nyuma mpaka yagote kwenye kiti. Nafasi ya vidole viwili nyuma ya makalio ni nafasi ya kuteleza. Vuta mikanda ya mapaja kwanza, iingie kwenye kifungo. Kisha ya nyonga. Hii ikae kwenye mkunjo kati ya mfupa wa nyonga na paja, chini kabisa, na upitie kwenye matundu ya kiti, si juu ya kingo zake. Ikaze sana. Ukishaikaza, iguse kwa kidole: chini yake uhisi mfupa. Ukihisi nyama laini, imepanda, anza upya.

Mabega yanakuja mwisho, baada ya HANS kukaa. Yavute kwa pamoja, sawasawa, mpaka kifua kibanwe kwenye kiti. Kifungo kinatakiwa kubaki chini, usawa wa nyonga. Kikivutwa juu unapokaza mabega, mkanda wa mapaja ni mrefu mno.

Mwambie msoma ramani avute mara ya pili baada ya kilomita chache za changarawe. Mwili unakaa, povu la kiti linabonyea, na kinachokuwa kimekazwa kwenye maegesho hakijakazwa tena.

Pia tazama vile vyuma vyenye pau tatu vya kurekebishia utepe kwenye ncha: utepe lazima upite, urudi juu ya chuma cha katikati, na ncha yake itokeze angalau sentimita 10. Ukisahau kurudisha mara ya pili utateleza wote kwa mvuto mmoja, na kwa nje unaonekana umefungwa vizuri.

Naweza kuwa na mikanda yote miwili?

Ndiyo, kwa gari la keji linalotembea barabarani kwenda kwenye mashindano. Mkanda wa kiwandani ubaki pale na utumike barabarani. Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka dereva afunge mkanda, na trafiki hana njia ya kujua kama wako wa rali umefungwa kwenye bomba au kwenye bati. Ya rali funga ukifika.

Mke wangu ni mjamzito. Na watoto je?

Kwenye mikanda ya rali, wote hapana. Mjamzito avae mkanda wa pointi tatu, wa chini ukipita chini ya tumbo juu ya mifupa ya nyonga, wa juu ukipita kati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Mtoto ni kiti cha mtoto, nyuma, kulingana na uzito na kimo chake.

Mikanda nioshe kwa kutumia kitu gani?

Maji ya uvuguvugu na sabuni laini, brashi ya nguo, kisha uanike kivulini ukiwa umenyooka. Jiki, petroli, tina na dawa za kusafishia viti zinakula nyuzi. Mkanda uliomwagikiwa maji ya betri unatupwa hata kama doa ni dogo.

Gari likipinduka nikabaki nikining'inia, natokaje?

Kwanza usifungue. Mtu anaweza kuvunja shingo baada ya ajali, si ndani yake, kwa kuanguka kichwa chini. Zima injini na swichi kuu ya umeme. Kandamiza miguu kwenye sakafu au dashibodi, weka mkono mmoja imara kwenye paa, bega likielekea upande utakaoshukia, ndipo mkono wa pili ugeuze kifungo. Kama msoma ramani anaweza, ashuke yeye kwanza, halafu amsaidie mwenzake.

Kifungo kikikataa kwa tope au kwa uzito wa mwili, kata. FIA inataka vikatio viwili ndani ya gari, vifikiwe na dereva na msoma ramani wote wakiwa wamekaa na mikanda imekazwa. Jaribuni gereji, mikanda ikiwa imekazwa kweli, macho mmefumba, kwa mkono wa kulia kisha wa kushoto. Kikatio kilichofungwa nyuma ya kiti utakigundua siku hiyo kwamba hukifikii, na utakihamishia kwenye bomba la keji lililo pembeni yako.